Dawa ya Kupuliza Puani kwa Mwenye Aleji: Kuanzia Kufungua Boksi

Upepo wa kiangazi ukianza kuvuma Dodoma, najua wiki hiyo nitarudia maneno yale yale mpaka koo likauke. Mtu anaingia dukani macho mekundu, kitambaa mkononi, anapiga chafya 3 kabla hata ya salamu. Anataka "ile ya kupuliza". Siku 4 baadaye huyo anarudi na chupa yake. "Dokta, hii mliyonipa ni maji matupu." (Sisi wa duka la dawa wote tunaitwa dokta. Nimeshaacha kubishana.)

Namwambia, hebu nioneshe unavyopuliza. Anatupa kichwa nyuma kama anaangalia ndege inayotua pale uwanjani, anaingiza ncha wima, anabonyeza, anavuta kwa nguvu zake zote, kisha anakunja uso kwa uchungu uliomfika kooni. Basi dawa imekwenda tumboni, pua haikuambulia kitu.

Kwa hiyo nimeandika hatua zote mahali pamoja. Ni kwa watu wazima tu. Mtoto ana dozi zake, na hizo mpeleke akapimiwe, usimgawie chupa yako.

Je, ni aleji kweli?

Aleji ya pua ina tabia zake: chafya mfululizo, kamasi jepesi kama maji, pua inawasha mpaka unaisugua kwa kiganja, macho yanawasha, pua inaziba hasa usiku. Homa hakuna. Inakuja na kuondoka kufuatana na mahali ulipo au majira. Wengine huwapata wakitandika kitanda, wengine nyasi na mahindi yakitoa maua baada ya mvua, wengine paka akiingia ndani. Mafua ya kawaida huisha ndani ya wiki moja hivi, aleji haina haraka ya kuondoka.

Na antibayotiki haitibu aleji. Nasema hivi kwa sababu kila siku kuna mtu anayeniomba "zile kapsuli za rangi mbili" kwa ajili ya chafya.

Jua chupa uliyoshika

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, maana chupa zinafanana na zote zinaitwa "ya kupuliza". Ndani ni vitu tofauti kabisa. Soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Kwenye boksi tahajia ni ya kizungu, lakini ukilisoma kwa sauti utalitambua.

*Steroidi za pua*: flutikasoni, mometasoni, budesonidi, beklometasoni. Hizi ndizo dawa hasa za aleji ya pua inayosumbua mara kwa mara. Zinatuliza uvimbe wa ndani ya pua. Hazina haraka, zinahitaji kutumiwa kila siku. Watu wakisikia neno steroidi wanaogopa kunenepa uso. Kinachopulizwa ni kidogo mno, kwa kawaida maikrogramu 50 kwa mpulizo mmoja, na kazi yake inaishia puani kwa sehemu kubwa.

*Azelastini*: hii ni dawa ya aleji ya jamii ile ile ya vidonge vya setirizini, ila ya kupuliza. Inafanya kazi ndani ya dakika chache. Ni chungu ikishuka kooni, na baadhi ya watu inawapa usingizi, kwa hiyo dereva ajipime kwanza akiwa nyumbani.

*Za kuzibua*: oksimetazolini, na ile nyingine ambayo jina lake linaanza na herufi X, ksailometazolini. Hizi zinafungua pua ndani ya dakika chache tu, ndiyo maana zinapendwa. Mwisho wake ni siku 3 hadi 5. Ukizidisha, pua inaziba upya kila dawa inapoisha nguvu, unapuliza tena, inaziba zaidi.

Mimi mwenyewe niliingia humo. Mwaka wangu wa kwanza Dodoma, nimetoka Tanga kwenye hewa ya bahari, kabla sijasomea dawa, niliuziwa kichupa cha kuzibua kwenye duka moja na hakuna aliyenitajia siku. Baada ya miezi 2 kilikuwa kinalala chini ya mto wangu. Saa 8 usiku naamka, napapasa, napuliza, nalala kwa muda wa saa 3, naamka tena. Nikidhani vumbi la Dodoma linaniua, kumbe ni kile kichupa. Kukiacha nilianza na tundu moja: la kulia nikaacha kabisa, la kushoto nikaendelea kidogo ili niweze kuhema. La kulia lilipofunguka lenyewe nikaacha na la kushoto, huku nikitumia steroidi ya pua niliyoandikiwa hospitali. Siku za kwanza nililala nimeegemea mito mitatu.

*Maji ya chumvi*: hayana dawa, yanaosha tu. Ni msaidizi mzuri sana kwenye mji wenye ukavu kama huu.

Mwongozo uliobaki unahusu zaidi steroidi za pua, maana ndizo zinazohitaji ufundi na subira.

Uliza kwanza kabla ya kuanza ikiwa:

- Unatumia ARV zenye ritonaviri au kobisistati. Hizi zinazuia mwili kuivunja flutikasoni na budesonidi, steroidi inajikusanya mwilini na madhara yake ni makubwa. Mwambie anayekuhudumia kliniki, au nong'ona kwa mfamasia. Hilo swali tunalisikia na halitushtui.
- Una presha ya macho au mtoto wa jicho.
- Una kidonda puani, umefanyiwa upasuaji wa pua karibuni, au pua inatoka damu mara kwa mara.
- Una kifua kikuu au maambukizi mengine ambayo hayajatibiwa.
- Una mimba au unanyonyesha. Zipo za kutumia, ila daktari akuchagulie.

Kwa zile za kuzibua, ongeza: presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo, tezi ya shingo, tezi dume, presha ya macho.

Unachohitaji mezani

- Chupa yenyewe na karatasi iliyomo ndani ya boksi. Usiitupe hiyo karatasi.
- Tishu au kitambaa safi.
- Kioo, kwa wiki ya kwanza.
- Kalamu na kipande cha plasta au selotepu.
- Maji ya chumvi: chemsha maji, yaache yapoe kwenye chombo kilichofunikwa. Chukua kikombe kimoja cha kama mililita 250, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kiwe sawa na ukingo, kisiwe na mlima. Tengeneza mapya kila siku. Najua maji ya bomba ya hapa yana chumvi yake tayari na birika zetu zinashuhudia, lakini hiyo si chumvi ninayoisema, na maji yasiyochemshwa usiyapeleke puani.

Angalia pia tarehe ya mwisho ya matumizi na kama boksi lilikuwa limefungwa. Chupa iliyokaa kwenye dashibodi ya gari juani usiitumie.

Hatua kwa hatua

1. Andika tarehe ya leo kwenye plasta, bandika kwenye chupa. Utaona faida yake mwishoni.

2. Nawa mikono.

3. Safisha pua. Kama imejaa makamasi au vumbi, suuza kwa maji ya chumvi: inama juu ya beseni, ingiza maji tundu moja huku unahema kwa mdomo, yaache yatoke. Subiri kama dakika 10 kabla ya dawa ili isioshwe na maji yanayoendelea kudondoka. Kama pua haina kitu, kupenga taratibu kunatosha, tundu moja kwa wakati. Kupuliza dawa juu ya makamasi ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye matope.

4. Tikisa chupa. Steroidi nyingi ni unga laini uliomo kwenye maji, ukituama chini utapuliza maji kweli, na yule mteja wangu atakuwa na haki.

5. Kama chupa ni mpya, iamshe. Toa kifuniko, ielekeze mbali na uso, bonyeza mpaka utoke ukungu mwembamba. Chupa mpya huhitaji mibonyezo kama 6 hadi 10 kutegemea aina, na karatasi ya ndani inataja idadi kamili. Kinachotoka mwanzoni ni hewa. Ikikaa wiki moja au zaidi bila kutumika, iamshe tena kwa mibonyezo michache. Usipulizie hewani kila siku, utaimaliza bure.

6. Simama au kaa wima, kisha inamisha kichwa mbele kidogo, kama unasoma ujumbe kwenye simu iliyo mkononi. Usikitupe nyuma. Hata kama marehemu bibi alikutia matone ya pua ukiwa umelala chali, haya si matone.

7. Tumia mkono wa upande wa pili. Mkono wa kulia unapuliza tundu la kushoto, wa kushoto unapuliza la kulia. Ukifanya hivyo ncha inageuka yenyewe kuelekea nje.

8. Ingiza ncha kidogo tu, na ielekeze upande wa sikio au kona ya nje ya jicho la upande huo huo. Usiielekeze kwenye ukuta wa katikati unaogawa pua. Ukuta huo ni mwembamba na una mishipa mingi ya damu karibu na ngozi, ukiupuliza kila siku utatoka damu. Ukikumbuka hatua moja tu ya mwongozo huu, ikumbuke hii. Siku za kwanza tumia kioo uhakikishe.

9. Bonyeza mara moja hadi mwisho, huku ukivuta hewa polepole, kama unanusa maua na hutaki jirani ajue. Ukivuta kwa kishindo, dawa inapita pua na kufika kooni.

10. Toa ncha, toa hewa kwa mdomo.

11. Rudia kulingana na dozi. Mtu mzima kwa kawaida huanza na mipulizo 2 kila tundu, mara 1 kwa siku, kwa flutikasoni na mometasoni. Beklometasoni ni mipulizo 2 kila tundu asubuhi na jioni. Kama uliandikiwa tofauti, fuata cheti chako. Mpulizo wa pili uelekeze nje vilevile, juu au chini kidogo ya wa kwanza.

12. Usipenge kwa dakika 15 hivi. Kama kuna kinachochuruzika, futa kwa tishu.

13. Futa ncha, rudisha kifuniko. Mara moja kwa wiki chomoa kichwa cha kupulizia, kioshe kwa maji ya uvuguvugu, kikauke, kirudishe. Chupa ni ya mtu mmoja. Mume na mke walalao kitanda kimoja kila mtu awe na yake.

Chagua saa isiyosahaulika. Wengi wanaweka chupa karibu na mswaki. Anayefunga Ramadhani anaweza kupuliza baada ya futari au wakati wa daku, maana ni mara 1 tu kwa siku, hapo hata mjadala wa inafunguza au haifunguzi unaukwepa.

Ngoja

Huu ndio ugomvi wangu mkubwa na wateja. Wengine huanza kusikia nafuu ndani ya siku moja, lakini nguvu yake kamili inaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki 2 za kupuliza kila siku. Ukipuliza leo, ukaruka kesho, ukakumbuka Jumapili, hujaanza.

Kuna dereva wa bodaboda anayepiga njia ya Ihumwa, siku nzima yuko nyuma ya malori. Mara ya kwanza aliacha siku ya 3. Nilimwelekeza mkono wa upande wa pili pale pale kaunta kwa kutumia kofia ya kalamu, akacheka kwamba anafundishwa kushika pua yake na uzee huu. Wiki ya 3 alipita, hakushuka kwenye pikipiki. "Dokta, jana nimesikia harufu ya mishkaki tangu ng'ambo ya barabara." Kwangu hicho ndicho kipimo, harufu ikirudi.

Ukishatulia kwa wiki kadhaa, unaweza kushuka hadi mpulizo 1 kila tundu. Chafya zikirudi, panda tena. Na kama unajua majira yako, mathalani kila mwaka upepo wa kiangazi ndio unaokuangusha, anza kama wiki 2 kabla, usingoje kwanza uvimbe macho.

Dawa haikuondolei sababu, kwa hiyo nyunyiza maji kabla ya kufagia, fua mashuka kila wiki kwa maji ya moto, na kwenye daladala la Nkuhungu funga dirisha hata kama konda atanuna. Barakoa zilizobaki za wakati wa korona zina kazi hadi leo.

Mambo yakienda kombo

*Ni chungu kooni.* Unavuta kwa nguvu au umetupa kichwa nyuma. Rudi hatua ya 6 na ya 9. Kwa azelastini uchungu kidogo utakuwepo, sukutua na unywe maji.

*Pua inatoka damu.* Mara nyingi ni ncha iliyoelekezwa katikati, ukichanganya na ukavu wa hapa. Kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia. Pumzisha dawa siku chache, tumia maji ya chumvi, kisha anza tena kwa mwelekeo sahihi. Damu ikiendelea kuja, nenda ukaangaliwe.

*Chupa haitoi.* Ncha imeziba. Ichomoe, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu. Usiichokonoe kwa sindano wala pini, utapanua tundu na dozi itaharibika.

*Inatoa mkondo kama bomba badala ya ukungu.* Unabonyeza kwa woga, nusu nusu. Bonyeza haraka na hadi mwisho.

*Napiga chafya mara tu baada ya kupuliza.* Inatokea. Usirudie dozi kwa sababu ya chafya moja.

*Nilisahau jana.* Puliza ya leo tu. Usifidie.

*Pua imeziba kiasi kwamba dawa haiingii.* Hapa ile ya kuzibua ina nafasi yake halali: ipulize kwanza, subiri kama dakika 10, kisha steroidi. Siku 3 hadi 5, basi, hata kama umeipenda.

*Nimepuliza wiki 4 sawasawa, hakuna kitu.* Rudi kwa daktari. Huenda inahitajika kuongezwa dawa nyingine, au si aleji. Wapo ambao pua zao zinakereka tu na vumbi, moshi wa mkaa au manukato, na hao matibabu yao yanatofautiana kidogo.

*Kifua kinabana au kinapiga filimbi usiku.* Usiendelee kuhangaika na pua. Aleji ya pua na pumu hutembea pamoja, nenda upimwe.

Usingoje wiki 4 kama pua imeziba upande mmoja tu bila kubadilika, kamasi lina harufu mbaya au damu, una homa na maumivu ya uso, kuona kumefifia, au jicho limevimba. Haya ni ya hospitali, na mengine ni ya siku hiyo hiyo.

*Chupa bado inasikika ina maji, nimalizie?* Hapa ndipo plasta ya hatua ya 1 inapofanya kazi. Chupa nyingi zina mipulizo 120. Mipulizo 4 kwa siku ni siku 30. Baada ya hapo kinachobaki chini bado kitatoka, lakini kipimo cha dawa kwa kila mbonyezo hakiaminiki tena. Najua kinauma ukikumbuka bei. Itupe, chukua nyingine, andika tarehe mpya.